Uzi: Nguvu ya zege povu la kuzuia joto hutoka wapi, na hupotelea wapi?

Mpima Zege, Kampala

Ndugu wajenzi, tangu watu waanze kuulizana habari za kumwaga zege povu juu ya slabu za paa ili vyumba vya chini visichemke mchana, swali linalotangulia huwa ni "lina nguvu kiasi gani?", na jibu linalotolewa ni tarakimu moja iliyochukuliwa kwenye tangazo la muuza dawa ya povu. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu tarakimu hiyo moja inapotosha. Mapovu mawili ya saruji yenye uzito uleule kwa kila mita ya ujazo yanaweza kutofautiana nguvu mara mbili, na tofauti hiyo hutokana na hali ya viputo kuanzia dakika vilipoingia kwenye rojo hadi rojo lilipoganda.

Kwa wasiolifahamu, rojo la saruji na maji, wakati mwingine pamoja na mchanga laini, huchanganywa na povu lililotengenezwa pembeni kwa kompresa na dawa iliyoyeyushwa majini. Dawa hizo ni za aina mbili, za protini na za kemikali zinazofanana na za sabuni, na kwa kawaida zile za protini hutoa viputo vidogo vilivyofungika, vyenye ngozi imara zaidi. Zege povu hilo (ambalo kuanzia hapa nitaliita pia povu tu) likishakauka likiwa na kilo 400 kwa mita ya ujazo, karibu robo tatu ya ujazo wake ni viputo. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiwango cha wati 0.026 kwa mita kwa digrii moja, ilhali zege zito hupitisha zaidi ya wati 1.4, kwa hiyo joto linalotaka kuvuka povu hulazimika kuzunguka ndani ya kuta nyembamba zilizobaki kati ya kiputo na kiputo. Kuta hizohizo ndizo zinazobeba mzigo, na hapo ndipo mgogoro wote unapoanzia.

Majedwali yanayotumiwa sana na wahandisi huonyesha kwamba povu la kilo 400 huwa na nguvu ya mgandamizo, yaani ya kustahimili kubanwa, ya megapaskali 0.5 hadi 1 baada ya siku 28 (megapaskali moja ni kama uzito wa kilo 10 juu ya kila sentimita ya mraba), na hupitisha joto kwa wati 0.10 hivi. Likifika kilo 800, nguvu ni megapaskali 1.5 hadi 2, na upitishaji joto ni wati 0.17 hadi 0.23. Kwa kilo 1,200, nguvu hupanda hadi megapaskali 4.5 au 5.5, lakini upitishaji joto nao hufika wati 0.4, na hapo sifa ya kuzuia joto imekwisha kupungua sana. Kwa kulinganisha, zege la kawaida la nguzo na boriti huanzia megapaskali 20 au 25.

Lorna Gibson na Michael Ashby, waliochunguza kwa undani mwenendo wa vitu vyenye vitundu, walionyesha kwamba nguvu ya kitu kama hiki hufuata uzito wake uliopandishwa kwa kipeo. Katika nadharia yao ya vitu vinavyovunjika kama kioo na vyenye vitundu vilivyo wazi, kipeo hicho ni 1.5. Katika povu halisi la saruji vipimo huleta kipeo cha 2 hadi 3, kwa kuwa kuta zenyewe si nzima: zina vinyweleo vyao, zina nyufa za kukauka, na baadhi zimekatika kabla hazijaganda. Kwa hiyo ukipunguza uzito kwa nusu, upitishaji joto hupungua kwa takriban nusu, lakini nguvu inayobaki ni robo, au hata thumuni.

Nitaje jambo moja zaidi kabla sijawaachia nafasi. Mitandaoni mtaona matofali mepesi ya kilo 500 yanayodaiwa kuwa na megapaskali 3 au 4. Madai hayo ni ya kweli, ila matofali hayo si povu la kumwagwa na kuachwa likomae hewani. Ni yale ya jamii iliyobuniwa na Mswidi Axel Eriksson katika miaka ya 1920, ambayo huumuliwa kwa unga wa alumini, kisha hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo ndani ya tangi la chuma, kwenye joto la digrii 180 hadi 200, kwa saa nyingi. Mapishi hayo huzalisha fuwele za aina nyingine kabisa ndani ya kuta za viputo. Asiye na tangi hilo asijipimie kwa nguvu hiyo.

Mwashi wa Kabale

Mhandisi, nashukuru kwa maelezo, ila kuhusu saruji naomba nitofautiane nawe. Unaizungumzia kana kwamba wingi wake si kitu. Huku kwetu tulipoongeza mifuko katika mchanganyo, vitofali vilikuwa vigumu waziwazi, hata ukivigonga mlio wake ulikuwa mwingine. Pia, sisi wa milimani hatukimbii joto, tunakimbia baridi ya usiku. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna mtu aliyetuambia kwamba hewa nyepesi ya huku huharibu povu. Je, ni kweli?

Mpima Zege, Kampala

Ndugu Mwashi, ulichokiona ni sahihi, lakini nadhani mlipoongeza saruji hamkuongeza povu, na hivyo mliongeza uzito. Katika povu lisilo na mchanga, uzito mkavu ni karibu mara 1.2 ya uzito wa saruji, kwa kuwa sehemu ya maji hufungwa ndani ya saruji iliyoganda na yaliyosalia huvukizwa. Povu la kilo 400 lina takriban kilo 333 za saruji, yaani mifuko inayokaribia 7 ya kilo 50 kwa mita ya ujazo. Huwezi kuongeza mfuko mmoja hapo uzito ukabaki palepale. Vitofali vyenu vilipata nguvu na papo hapo vikapoteza sehemu ya uwezo wa kuzuia baridi, jambo ambalo mlio wa kugonga hauwezi kulionyesha. Mizani ingelionyesha.

Kuhusu urefu wa mlima, usiwe na wasiwasi. Povu likitoka kwenye mpira wa mashine hutanuka mpaka shinikizo lake lilingane na hewa ya mahali hapo, kisha ndipo huingia kwenye rojo. Mnachopaswa kupima ni uzito wa povu lenyewe: jazeni ndoo ya lita 10 na mkute gramu 500 hadi 800. Likiwa zito zaidi ya hapo, limebeba maji mengi.

Na maji hayo ndiyo adui ambaye wengi hawamhesabu. Chukua mchanganyo wetu wa kilo 333 za saruji na maji nusu ya uzito huo, yaani kilo 167 kwa jumla. Ili mita nzima ya ujazo ijae, unahitaji lita 765 hivi za povu, na kama kila lita ya povu ina gramu 50, basi kilo 38 za maji zimeingia kwa njia ya povu. Rojo la kwanza lilipaswa kuwa na kilo 129 tu. Fundi anayechanganya rojo kwa kilo 167 kisha akatia povu juu yake amekwisha kuzidisha maji, na kuta za viputo zitakuwa dhaifu hata kama uzito mkavu utasoma vilevile. Kinyume chake nacho kina hasara, kwani rojo kavu mno hunyonya maji kutoka kwenye ngozi za viputo na kuvipasua, hivyo kiasi cha povu ulichokikadiria hakifiki.

Mzee wa Tororo

Nimesimamia zege kwa miaka mingi na nakubaliana na Mhandisi kuhusu maji, ila naona amesahau saa. Povu halisubiri. Tangu linapoingia kwenye rojo, maji huanza kuteremka chini, viputo vidogo huachia hewa yake kwa vikubwa, na vilivyogusana huungana. Kila dakika inayopita kabla ya saruji kushika ni dakika ya kuharibu kuta. Kwa hiyo aina ya saruji ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Saruji nyingi zinazouzwa madukani kwetu kwa kazi ya kawaida zimechanganywa na posolana, ambalo ni jivu la volkano, nasi tumebarikiwa nalo kuanzia Kisoro hadi upande wa Fort Portal. Ni saruji nzuri kwa kujengea na kupiga lipu, lakini ile ya daraja la 32.5 (tarakimu hiyo ni megapaskali zake za siku 28) hushika polepole na nguvu yake ya siku za kwanza ni ndogo. Ukiimwaga kama povu jepesi, hasa katika asubuhi yenye baridi, utaona uso umeteremka vidole kadhaa kabla haujashika, na chini kumejaa rojo zito. Kwa povu la chini ya kilo 500 mimi ningedai saruji ya daraja la 42.5 isiyo na posolana nyingi, au maji ya uvuguvugu, au vyote viwili.

Vijana wengine huku mashariki wameanza kutaja jivu la makapi ya mpunga, kwa vile Butaleja mpunga haukosekani. Jivu lililochomwa vizuri likawa jeupe au kijivu hafifu hushirikiana na chokaa ya saruji na kuongeza nguvu baada ya wiki nyingi. Jivu jeusi msiliguse kwa kazi hii, kwani kaboni iliyobaki ndani yake hufyonza dawa ya povu, na mtashangaa povu linapotelea wapi.

Njia ya kukagua ni rahisi na haihitaji maabara. Mwaga povu kwenye kalibu ndefu iliyosimama, na baada ya siku kadhaa likate vipande vitatu, cha juu, cha kati na cha chini, kisha uvipime uzito. Vikikaribiana, viputo vilisimama. Kipande cha chini kikiwa kizito kuliko cha juu kwa tofauti ya kuonekana, hata usijisumbue kwenda kuponda sampuli, maana paa lako litakuwa na tabaka dhaifu juu, mahali ambapo watu watakanyaga.

Mama Mjenzi, Gulu

Wazee wangu, nawasikiliza kwa makini, lakini mimi nahitaji jibu la mwenye nyumba. Nina vyumba vya kupangisha vyenye paa la slabu, na wapangaji hulalamika kwamba kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu hakulaliki. Nataka kumwaga sentimita 10 za povu juu yake. Watu watapanda kuanika nguo na ufuta, na kuna tangi la maji la lita 1,000. Je, povu la kilo 400 litastahimili, au nichukue la kilo 800 niwe na amani?

Mpima Zege, Kampala

Mama, swali lako ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza katika kila mradi wa namna hii, nami nitalijibu kwa hesabu.

Tangi la lita 1,000 lililokaa lote kwenye kitako cha mita moja ya mraba hubonyeza kwa megapaskali 0.01 tu. Povu lenye megapaskali 0.5 halitalisikia. Tangi hilohilo likiwekwa juu ya stendi ya chuma yenye miguu minne, kila mguu ukiwa na kisahani cha sentimita 5 kwa 5, kila mguu utabonyeza kwa karibu megapaskali 1, na utazama. Vilevile mtu wa kilo 80 anayesimama kwa kisigino kimoja chenye eneo la sentimita 10 za mraba hubonyeza kwa megapaskali 0.79. Yaani kisigino cha mpangaji wako ni hatari kwa povu kuliko tangi zima lililokaa vizuri.

Kwa sababu hiyo povu jepesi haliachwi wazi. Ukilifunika kwa sakafu ya zege dogo ya sentimita 5, mzigo wa kisigino hutawanyika kadiri unavyoteremka, na ukifika kwenye povu huwa chini ya megapaskali 0.05. Hapo povu la kilo 400 linatosha, na stendi ya tangi isimamishwe juu ya ukuta uliopo chini, au juu ya vitako vya zege zito vilivyoshuka hadi kwenye slabu.

Ukichukua la kilo 800 utanunua nguvu usiyoihitaji kwa kuuza kitu ulichokitaka. Sentimita 10 za povu la kilo 400 zina ukinzani wa joto (unene kwa mita ukigawanywa kwa upitishaji joto) wa karibu 1.0, ilhali za kilo 800 zina nusu tu ya hapo. Ukuta wa tofali la kuchoma wa sentimita 23 una takriban 0.33, ili uone kipimo. Zaidi ya hayo, povu la kilo 800 lingeongeza kilo 80 kwa kila mita ya mraba ya slabu yako badala ya 40, na juu yake bado kuna kilo 100 hivi za sakafu ya kufunika. Kabla ya kumwaga chochote, mhandisi wa majengo aithibitishe slabu hiyo, kwa kuwa sijui ina nondo gani.

Kisha zuia maji ya mvua. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini ya hewa iliyotulia, na povu lililolowa huwa dhaifu kuliko kavu. Slabu yenye povu lililonyonya mvua ya miezi kadhaa imebeba uzito mwingi bila faida.

Mwanafunzi wa Uhandisi, Kampala

Mhandisi, naomba kuuliza kwa heshima. Umesema kipeo ni 2 hadi 3, hivyo kupunguza uzito kwa nusu kunapaswa kuacha robo ya nguvu au chini yake. Lakini katika tarakimu ulizotoa, kutoka kilo 800 hadi 400 nguvu inashuka kutoka 1.5–2 hadi 0.5–1, ambayo ni theluthi hadi nusu. Mbona jedwali na nadharia havikubaliani?

Mpima Zege, Kampala

Umesoma vizuri, kijana. Jedwali lile halilinganishi kitu kimoja. Povu la kilo 400 hadi 600 kwa kawaida ni saruji tupu, kwa sababu punje za mchanga ni nzito na kubwa kuliko kuta za viputo zinazopaswa kuzibeba. Kuanzia kilo 800 kwenda juu, sehemu kubwa ya uzito unaoongezeka ni mchanga, si saruji, ili kupunguza gharama na kusinyaa. Mchanga huongeza uzito kuliko unavyoongeza nguvu, kwa hiyo mteremko wa jedwali huonekana mpole. Ukitengeneza mfululizo wa saruji tupu kutoka kilo 800 hadi 400 kwa maji yenye uwiano uleule, utauona mteremko mkali.

Ukienda maabara zingatia mambo ambayo huharibu matokeo kimyakimya. Povu jepesi likipondwa halivunjiki kwa kishindo kama zege zito. Tabaka moja la viputo huporomoka, mzigo unashuka kidogo, kisha tabaka la pili linashika, na mashine huendelea kusoma mzigo hadi kila kitu kijibane. Anayeandika tarakimu kubwa ya mwisho ameandika nguvu ya unga uliobanwa. Ndiyo sababu kwa bidhaa za kuzuia joto kiwango cha Ulaya EN 826 huchukua kilele kikitokea mapema, la sivyo husoma mkazo pale sampuli inapokuwa imefupika kwa asilimia 10. Kiwango cha Marekani ASTM C495 nacho kimetengwa kwa zege la kuzuia joto lisilozidi kilo 800. Nyuso za sampuli ziwe bapa kabisa, kwani kijinundu kidogo huponda viputo vya pale pale na kuanzisha kuporomoka mapema. Mashine ya tani 200 inayotumiwa kwa michemraba ya zege zito haiwezi kusoma kwa uhakika mzigo wa tani moja, na mchemraba wa sentimita 10 wa povu la megapaskali 1 unahitaji tani moja tu. Tafuta mashine ndogo.

Andika pia hali ya unyevu siku ya kuponda. Uzito unaoripotiwa uwe wa sampuli iliyokaushwa kwenye joto la digrii 105 hadi isipungue tena, ila sampuli ya kuponda yenyewe usiikaushe hivyo, kwa sababu joto hilo huichana kuta zake.

Mkazi wa Moroto

Kwetu Karamoja tatizo si kuponda, ni nyufa. Upo upepo mkavu, maji ni ya kununua, na mapaneli yaliyomwagwa karibu nasi yalipasuka kuanzia pembe hadi pembe kabla hata hayajainuliwa. Mkandarasi alisema saruji ilikuwa mbovu. Nimesoma uzi wote na bado sijaona neno kuhusu jambo hili.

Mpima Zege, Kampala

Una haki, ndugu, na pengine hili ni zito kuliko nguvu ya mgandamizo niliyoizungumzia sana. Povu la kilo 400 husinyaa kwa asilimia 0.30 hadi 0.35 likikauka, yaani milimita 3 kwa kila mita, wakati zege zito husinyaa sehemu ndogo tu ya hapo. Mchanga na kokoto ndivyo huzuia zege la kawaida kusinyaa, na hapa havipo.

Hebu tazama kinachofuata. Ugumu wa unyumbukaji wa povu hilo, yaani jinsi linavyokataa kuvutika, ni gigapaskali 0.8 hadi 1 (megapaskali 800 hadi 1,000). Ukilishika lisiweze kusinyaa, mkazo wa kulivuta ungekaribia megapaskali 3. Nguvu yake ya kuvutwa ni sehemu ndogo ya megapaskali moja. Hata nguvu ya kupindwa, ambayo huwa kubwa kidogo, mara nyingi ni karibu robo ya ile ya mgandamizo. Hata tukikubali kwamba povu hulegea polepole na kupunguza mkazo huo, hesabu haifungi. Paneli kubwa iliyokauka haraka huku imeshikwa na kalibu itapasuka, saruji iwe nzuri au mbaya.

Kinachosaidia ni kuifunika kwa nailoni tangu jioni ya siku ya kumwaga na kuiacha hivyo kwa wiki nzima au zaidi, jambo ambalo halihitaji maji mengi kwani maji yaliyomo ndani yanatosha yakizuiwa kutoka. Pili, kupunguza ukubwa wa paneli. Tatu, kutia nyuzi fupi za polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki. Nyuzi haziongezi sana nguvu ya mgandamizo, lakini huzishika nyufa zikiwa changa, na paneli inayobebwa na watu wawili hubonyea kabla ya kuvunjika badala ya kukatika ghafla. Katani nayo hufanya kazi mwanzoni, ila chokaa ya saruji huila nyuzi za mimea kadiri miaka inavyopita.

Mzee wa Tororo

Niongeze hapo kwamba ziko nyufa nyingine zinazotokea usiku wa kwanza, nazo hazina uhusiano na upepo. Povu ni kizuia joto, na saruji ikishika hutoa joto, basi joto hilo hukosa njia. Anayemwaga kina cha mita moja kwa mkupuo hupika katikati yake. Hewa ndani ya viputo ikipanda digrii 30 hutanuka kwa asilimia 10 hivi, na kuta ambazo hazijakomaa hupasuliwa kutoka ndani. Mwageni kwa tabaka zisizozidi nusu mita, na tabaka la pili lingoje la kwanza lishike.

Mwashi wa Kabale

Nimeelewa habari ya mizani, nami nitawapelekea mafundi wenzangu. Lipo swali lililobaki, nalo linawahusu pia ndugu zetu wa Fort Portal na Kasese. Ukanda wetu hutikisika. Wazee wanakumbuka tetemeko la Toro la mwaka 1966, na wengi wetu tunakumbuka lile la Februari 1994. Wauzaji wanasema kuta za povu ni salama kwa sababu ni nyepesi. Je, naweza kumjengea mtu nyumba kwa vitofali vya kilo 600 bila nguzo?

Mpima Zege, Kampala

Usijenge hivyo, ndugu yangu. Wauzaji wana nusu ya ukweli, kwani nguvu ya tetemeko inayoingia kwenye ukuta hulingana na uzito wake, na ukuta wa kilo 600 huvuta theluthi moja tu ya nguvu inayovutwa na ukuta wa kilo 1,800. Lakini povu la kilo 600 lililokomaa hewani lina megapaskali 1 hadi 1.5, halina ustahimilivu wa kuvutwa, na ukilitia nondo halizikingi, kwa kuwa hewa na unyevu hupenya kirahisi na kutu huanza mapema. Litumie kujazia tu ndani ya fremu ya nguzo na boriti za zege zito zilizosanifiwa kwa kufuata kanuni yetu ya matetemeko, US 319 ya mwaka 2003, na kila ukuta wa kujazia ufungwe kwenye nguzo ili usiangukie watu. Kwa matumizi hayo wepesi wake ni faida ya kweli, na baridi ya Kabale itapungua.

Fundi Mabati, Jinja

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nyumba nyingi huku hazina slabu, zina mabati na dari ya mbao laini. Je, hatuwezi kumwaga povu jepesi sana, tuseme kilo 200, moja kwa moja juu ya dari, au kulipaka chini ya bati? Na kwa nini tusitumie polistirini tu, lile povu jeupe la plastiki, maana ni nyepesi zaidi?

Mpima Zege, Kampala

Polistirini huzuia joto vizuri zaidi kwa unene uleule, kwa kuwa upitishaji wake ni karibu wati 0.035, na mahali pengi itakushinda kwa bei. Povu la saruji lina jambo moja ambalo polistirini haina: haliungui. Tuliona mwezi Machi mwaka 2010 jinsi paa la nyasi la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi lilivyoteketea, nalo lilikuwa kizuia joto bora sana. Chini ya bati, juu ya nyaya za umeme zilizofungwa ovyo, hilo ni jambo la kupima kwa uzito wake.

Povu la kilo 200 hutengenezeka, hasa kwa njia ya peroksidi ya haidrojeni inayotoa oksijeni ndani ya rojo, lakini nguvu yake huwa sehemu ndogo tu ya megapaskali na hukwanguka kwa kidole. Kumbuka pia kwamba uzito wa kumwaga si uzito mkavu: kilo 200 zikiwa kavu hufika 250 au zaidi zikiwa mbichi, kwa hiyo sentimita 10 zitaweka zaidi ya kilo 25 kwa kila mita ya mraba juu ya dari iliyotengenezwa kubeba uzito wake yenyewe, na maji yake yataivimbisha mbao laini kabla povu halijashika. Tengeneza vibao vidogo chini, vya sentimita 5 na kilo 300 hadi 350, vikiwa na nyuzi, vikauke kabisa, kisha uvipange juu ya fito za dari zilizoongezwa.

Kulipaka chini ya bati sikushauri. Saruji mbichi ni kali kwa zinki, na kwa alumini ni kali zaidi. Hula mipako ya bati na kutoa haidrojeni, hewa hiyo hujitengenezea nafasi kati ya bati na povu, na povu hubanduka lenyewe. Kama vibao vitagusa bati, tandika karatasi ya nailoni kati yake, na uache upenyo wa hewa wa sentimita chache ili umande unaotiririka chini ya bati alfajiri usiingie kwenye povu.